Mgeni wa Kwenye Ngazi

Niliulizwa mara tatu, na mara zote tatu nikasema hapana. Kwanza aliniuliza muuguzi wa kliniki ya macho, kalamu mkononi na fomu magotini: je, hutokea nikaona vitu ambavyo watu wengine hawavioni? Nikacheka kicheko cha mtu aliyesoma chuo kikuu, nikamwambia shida yangu ni kinyume chake, wengine ndio wanaoona vitu nisivyoviona mimi. Akaandika hapana, akaendelea na maswali ya presha. Mara ya pili aliniuliza binti yangu Samira, na mara ya tatu jirani yangu Kokila. Wote niliwajibu kwa sauti ile ile ninayoitumia nikiulizwa kama nimekula kitu kitamu.

Jawabu la kweli ni ndiyo. Nilikuwa nikimwona mwanamke. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za nyumba yangu ya Harrow, kipandio cha nne kutoka chini, amejitanda kanga, uso kauelekeza ukutani. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Novemba, baada ya sindano ya tatu ya jicho, akaendelea kuja mwaka mzima na zaidi. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye mgeni kama huyo, anayekaa naye kimya kwa kuogopa watu watasemaje. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kukaa kimya ndiko kulikoniumiza zaidi ya sindano.

Nianze na sukari. Sukari imo katika ukoo wetu kama mashamba yalivyomo katika koo za wengine: tunarithishana. Niliambiwa ninayo nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikaitikia kwa heshima, nikarudi nyumbani nikapika mkate wa kumimina, ule wa mchele uliojaa sukari. Nilikuwa nikifanya kazi maktaba ya chuo, na jioni naandika makala za kuwachekesha watu. Nikirudi nimelowa mvua, nilichokitaka si ushauri bali kipande cha mkate ule, ukingoni kimekauka kidogo, na chai ya maziwa yenye iliki. Baba yake Samira tuliachana zamani, kwa amani, na Samira mwenyewe amehamia Croydon. Hapakuwa na mtu wa kunihesabia vipande.

Aliyegundua macho yangu yanaharibika ni Kokila. Kokila amezaliwa Mombasa, akaja London msichana, akaendesha duka la nguo mpaka alipochoka. Nyumba zetu zimeshikana ukuta mmoja. Akikaanga bizari kwake, mimi napiga chafya kwangu. Jumamosi alasiri tunacheza karata. Siku moja niliweka saba ya kopa nikaapa ni nane. Hilo pekee lisingemshtua, kwa sababu tumekuwa tukiibiana miaka mingi na wote tunajua. Kilichomshtua ni jinsi nilivyokuwa nikizishika karata pembeni mwa uso.

“Zuhura, mbona watazama kama kuku?” akaniuliza.

Nikamwambia taa yake mbovu. Jumatatu akanitia garini bila kuniuliza, akanipeleka kwa daktari wa macho, na kabla ya wiki kwisha niliambiwa kwamba mishipa midogo nyuma ya macho yangu inavuja, na dawa yake ni sindano ndani ya jicho, kila mwezi, mpaka watakaponiambia basi.

Chumba cha kungojea sindano sitakisahau. Viti vya bluu vimepangwa kama vya basi, watu wamekaa wakitazama mbele kwa mboni zilizopanuliwa na dawa, kila mmoja ana mstari wa rangi ya manjano shavuni kama aliyelia bizari. Jina linaitwa, watatu wanasimama, kwa sababu hakuna anayeona vizuri wala anayesikia jina lake likitamkwa sawasawa. Mimi niliitwa majina mengi mle, na mengine niliyapenda. Ndani, palikuwa na muuguzi wa Kifilipino ambaye kazi yake, kwa kadiri nilivyoelewa, ilikuwa kunishika mkono. Sindano yenyewe ni fupi. Unaona kitu cheusi kinaingia kama wino kwenye maji, kinazunguka, kinatua. Ule mkono ndio uliokuwa dawa yangu ya kwanza, na kama utapewa, usione aibu, ushike.

Basi ikaja Novemba. Ilikuwa nimetoka kusali alasiri, taa sijawasha bado, mwanga wa Harrow ule wa saa kumi ambao si mchana wala si usiku. Nikatoka chumbani kwenda jikoni kuchemsha chai, na pale kwenye ngazi pamekaa mwanamke.

Cha kutisha hakikuwa kuwako kwake. Cha kutisha ni jinsi alivyoonekana. Wakati huo nilikuwa siwezi kusoma vichwa vya habari vya gazeti, uso wa Samira niliuona kama umepakwa maziwa, lakini kanga ya mwanamke yule niliiona uzi kwa uzi. Ilikuwa nyekundu na nyeusi, pindo lake lina vitone vidogo mno, na kila kitone kilikuwa duara kamili. Niliona mishono ya upindo. Hapakuwa na kitu kingine chochote duniani kilichokuwa wazi namna ile kwangu.

Na mimi, mtu wa digrii mbili, nikafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Nikamwambia, “Karibu.”

Lilinitoka tu. Umelelewa kwamba mtu akiwa kizingitini kwako humwulizi katokea wapi; unamkaribisha kwanza, mengine baadaye. Hakujibu. Nikasoma Ayatul Kursi mara tatu, ya tatu kwa utaratibu na kila herufi mahali pake. Akabaki vile vile, kama mtu anayesikiliza kwa adabu. Nikapepesa macho, hayupo. Palikuwa na zulia tu.

Siku ya pili nilimpigia dada yangu Raya, Zanzibar. Raya ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa na hajawahi kusahau. Nilimweleza kama kichekesho, kwamba labda dawa za macho zinanipa ndoto. Hakucheka. Aliniuliza huyo mtu alipiga hodi, nikasema la.

“Na ulimwambia nini?”

“Karibu.”

Kisha akasema, taratibu, kama anavyosema na wajukuu zake, “Mdogo wangu, asiyepiga hodi hakaribishwi. Sasa umemkaribisha mwenyewe, utamtoaje?”

Akanitumia kwa mtu udi na dawa ya kufukiza. Nikafukiza mpaka kengele ya moshi ikalia na Kokila akagonga ukutani. Mwanamke akarudi Alhamisi, alasiri, kipandio kile kile.

Sitadanganya kwamba nilizoea, ila mwili huzoea kabla ya akili. Kufikia sindano ya tano nilikuwa nikipita kwenye ngazi kwa ubavu ili nisimguse. Kufikia ya sita, nikichemsha chai ya alasiri, nilikuwa namimina vikombe viwili. Sikukusudia. Umeshamkaribisha mtu, utakunywaje peke yako? Kikombe chake nilikiweka mezani, kikapoa, kikafanya utando wa maziwa juu, nikakimwaga kabla ya magharibi. Nilicheka, lakini nilikicheka kikombe tu. Yeye sikuthubutu kumcheka.

Majira ya kuchipua wakaja wengine. Watoto wadogo, hawafiki goti, wamevaa kofia ndefu, wakipita mstari mmoja chini ya ukuta wa sebule kuelekea dirishani. Hawakuwa na sauti hata ya nyayo. Na siku moja kwenye treni ya mjini, mchana mweupe, niliingia behewa nikaona kila kiti kina mtu, wote wamevaa makoti ya kijivu, wote wamenitazama. Nikasimama nimeshika nguzo kutoka Harrow mpaka mwisho wa safari. Nilipokuwa nateremka kijana mmoja akaniuliza kwa upole kwa nini sikukaa, maana behewa lilikuwa tupu.

Samira huja kila Jumapili. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu Kiingereza, na akiwa mkali Kiingereza chake huwa kifupi. Kwa Jumapili tatu alikuta vikombe viwili mezani, kimoja tupu na kimoja kimejaa. Aliuliza nani alikuja. Nikasema Kokila. Akaenda akamwuliza Kokila, kwa sababu ana tabia ya bibi yake. Aliporudi alikaa karibu nami akaniuliza kama naona watu. Nikasema hapana, nikaongeza maneno makali juu ya watoto wanaowapeleleza mama zao. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alianza kuongea kuhusu chumba cha ziada kwake Croydon, kuhusu nyumba hii kuwa kubwa na ngazi zake kuwa za hatari, kuhusu kipimo cha kumbukumbu ambacho daktari anaweza kukipanga. Alikuwa akiongea kwa upole, kama unavyoongea na mtu ambaye keshaondoka kidogo.

Nilijua vizuri anachokiogopa, kwa sababu mimi nilikiogopa zaidi, na nilikuwa na ushahidi ambao yeye hakuwa nao.

Mama yangu aliona watu. Hili nalo nimelikana miaka mingi. Wakati mimi nimeshakaa London, naandika makala zangu, Raya alinipigia akasema mama anazungumza na watu barazani ambao hawapo, anawasogezea mikeka, anamkaripia Raya kwa kuwapita bila kuwaamkia. Ukoo ukakaa kikao. Wakasema ana kitu kichwani, apungwe pepo. Raya akaniuliza rai yangu, nami niliyekuwa nikiwahubiria watu kwenye makala kuhusu elimu na ujinga nikajibu, “Fanyeni mnavyoona inafaa.” Wakamletea fundi wa kupunga, mama akapigiwa ngoma siku saba. Hakupona. Baada ya hapo akahamishiwa chumba cha ndani ili wageni wasimsikie, akakaa humo mpaka Mungu alipomchukua. Hapa London nilimwambia kila mtu kwamba mama alikufa kwa presha.

Na mama hakuwa kipofu. Hilo lilijulikana mtaa mzima. Hakuvaa miwani maisha yake yote. Alikuwa anaweza kukwambia kutoka dirishani kama kifungo chako cha shingo kimekatika. Kwa hiyo kama aliona watu na macho yake mazima, basi ni kichwa, au ni kitu kingine cha kwetu ambacho hakina fomu ya hospitali, na vyovyote iwavyo kimenishukia mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yangu, na kwa sababu yake niliendelea kusema hapana.

Kokila alinikamata baada ya sindano ya tisa. Tulikuwa kwenye viti vya bluu, ananingojea anirudishe nyumbani. Akaja mzee mmoja wa makamo, ana joho la hudhurungi lenye nakshi, akasimama mbele yangu. Nikasogea kumpisha akae, nikaukunja mkoba wangu.

“Wampisha nani?” Kokila akauliza.

Nikasema nimechoka mgongo. Akaniangalia. Akauliza moja kwa moja naona nini, nikasema hapana, sioni kitu. Hiyo ndiyo ile mara ya tatu.

“Wewe bibi,” akasema, “kwenye karata hujui kudanganya, huku ndiko utaweza?”

Nikaanza kucheka, halafu sikuwa nacheka tena. Nikamweleza yote: mwanamke, watoto, treni, chai. Nilitegemea atasogea. Alitoa kitambaa akanifuta ile dawa ya manjano shavuni, akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye mlango wa muuguzi na hakunyamaza mpaka tukaingizwa.

Muuguzi, yule yule wa fomu, hakushtuka hata kidogo. Aliuliza kama watu hao wanasema. Nikasema hawasemi. Akaniambia wagonjwa wengi wa macho huona hivyo na karibu wote hukana, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Macho yakipungukiwa, kichwa hakipendi kukaa na ukuta mtupu, huchora. Si wazimu. Akanifundisha mambo mawili ambayo nakupa na wewe: washa taa mapema kabla giza halijaingia, na akitokea mtu, usimkazie macho, yapeleke macho kushoto na kulia mara kadhaa kama unayesoma mstari. Mara nyingi huondoka. Nilifanya hivyo alasiri ile ile, naye akaondoka. Nilihisi kama nimemfukuza mtu wa watu.

Ingelifaa niishie hapo, na wengine wangeliishia hapo. Samira alilia kwa furaha alipoelezwa. Lakini mimi maelezo yale niliyaamini mchana tu. Ikifika alasiri nilimfikiria mama na macho yake mazima. Na kipindi hicho mwanamke alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aligeuka. Siku zote, sitaficha, nilikuwa nadhani ni mama. Nilikuwa nangojea ageuke kwa hofu na kwa hamu. Akageuka taratibu, na uso haukuwa wa mama wala wa mtu yeyote ninayemjua. Macho yalikuwa makubwa kupita kiasi, meno yote nje, na hapakuwa na uovu wowote ndani yake. Alinitazama kama unavyotazama saa ya ukutani. Nikakaa chini sakafuni, nikabaki hapo mpaka Kokila aliponiita kwa kugonga ukuta.

Nataka usiwe na wasiwasi juu yangu. Macho yametulia, sasa nachomwa sindano kila baada ya wiki nane, nasoma kwa kioo cha kukuza, haya nayaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Habari za kuhamia Croydon zimekwisha. Mwanamke huja mara moja moja, siku za mvua. Lakini si muuguzi aliyeniponya hofu.

Samira alikuwa tayari ameshapanga kile kipimo cha kumbukumbu, na hata baada ya kuelezwa alitaka tukifanye, ili moyo wake utulie. Fomu ikaja kwa posta. Alinisomea maswali kwa sauti, nikamjibu akaandika. Tukafika kwenye swali kama kuna mtu katika familia aliyewahi kupata maradhi ya akili. Akainua uso. Nikamwambia aliache hilo, nitalijaza mwenyewe. Akaiacha fomu mezani.

Nilikaa na swali lile wiki moja. Ijumaa, baada ya sala, nikampigia Raya kwa simu ya picha, kisha tukazima picha kwa sababu mimi simwoni vizuri na yeye hapendi kuonekana hajajifunga mtandio vizuri. Tukapeana habari kama ada: nani kaozwa, nani kahamia Pemba, mjukuu gani kakataa chuo, chungu cha boko-boko la msiba wa jirani kilivyokosa samli. Akamwulizia mgeni wangu. Nikamweleza aliyosema muuguzi, kwamba huanzia machoni. Nikasikia pikipiki ikipita kwake.

“Dada,” nikasema, “mama alikuwa anaona?”

Pikipiki ikaondoka. Nikadhani simu imekatika.

“Alikuwa haoni, Zuhura.”

Nikamwambia sijasikia, nami nimesikia.

“Miaka miwili mizima alikuwa haoni. Watu akiwajua kwa kikohozi na kwa makubadhi yao. Mimi nikikaa nyuma yake dirishani, namnong’oneza: huyu fulani, kavaa hivi, kifungo chake kimekatika. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, nimemtoa mtoto hapa kwa taabu, simrudishi kwa sababu ya macho yangu.”

Nikamwuliza kwa nini basi hakulisema hata lile la ngoma lilipoamuliwa. Akasema alidhani ni mambo mawili mbalimbali, macho mbali na watu mbali. Nani angelijua? Akaniomba nimrudilie maneno ya muuguzi. Nikamrudilia. Akaniomba tena, polepole. Mara ya tatu aliyasema pamoja nami.

“Fundi alimwuliza siku zote saba,” akasema. “Nyinyi ni kina nani, mnataka nini? Na mama kila siku akimjibu, hawataki kitu, hawasemi, wamekaa tu. Fundi akasema huyu jini mkaidi, akazidisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mabega.”

Nilikuwa na langu pia, lile la fanyeni mnavyoona inafaa, na nikamwambia hilo. Akasema analikumbuka. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo:

“Na huyo wako?”

“Hataki kitu, dada. Amekaa tu.”

Raya akaanza kulia. Nami sikumnyamazisha. Tukakaa hivyo, yeye kwake na mimi Harrow, hakuna aliyekata simu, mpaka bando lake likaisha lenyewe.